Nchi Ilipotikisika: Habari za Misiba ya Milima ya Kivu

Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, saa tatu na nusu ya asubuhi, sisi watu wa Bukavu tulikuwa kila mtu mahali pake pa Jumapili. Wengi walikuwa kanisani. Wengine walikuwa njiani kwenda misa ya pili. Hapa Nyawera akina mama walikuwa wamekwisha kutandaza nyanya, majani ya sombe na vibakuli vya sambaza kando ya barabara, na watoto walikuwa wakipanda na vidumu vya maji. Zilibaki siku tatu tu tufike Jumatano ya Majivu, na watu walicheka sana, kama wacheavyo watu wanaojua kwamba kufunga kumekaribia.

Mara ikasikika sauti ya chini kwa chini, kama lori kubwa lipandalo mlima na mzigo wa magogo. Kisha ardhi ikatikisika. Mabati yakapiga kelele pasipo mvua. Vyombo vikaanguka kabatini, kuta zikapasuka, vumbi jekundu likapanda juu ya vilima. Jambo lote halikudumu hata dakika moja, lakini waliokuwa ndani ya nyumba waliliona refu kama Kwaresima nzima. Usiku ule wengi walilala nje, juu ya mikeka na maturubai, kwa sababu ardhi iliendelea kutetemeka kidogo kidogo, na hakuna aliyependa kuwa chini ya paa lake mwenyewe.

Wataalamu walipima nguvu za tetemeko lile wakapata 5.9. Chanzo chake kilikuwa yapata kilomita 20 upande wa kaskazini wa mji, karibu na ziwa. Kwetu Kongo walikufa watu wachache, hawakufika kumi. Ng'ambo ya ziwa, katika wilaya za Rusizi na Nyamasheke huko Rwanda, walikufa zaidi ya 30, na mamia walijeruhiwa. Kanisa moja liliwaangukia waumini katikati ya ibada. Saa chache baadaye likaja tetemeko la pili, hafifu kidogo, likamaliza kuta zilizokuwa zimelegezwa na lile la kwanza.

Basi, msomaji mpenzi, tazama jambo hili vema. Chanzo cha tetemeko kilikuwa upande wetu, lakini waliokufa wengi walikuwa upande wa pili wa maji. Kwa nini? Swali hili limetukaa moyoni tangu mwaka ule, nalo ndilo lililotufanya tuandike habari hizi. Maana kama ni ardhi yenyewe iuayo, ingaliua zaidi pale ilipotikisika zaidi. Lazima kuna kitu kingine.

Wazee wetu hawakuwa wajinga wa mambo haya. Watu wakaao karibu na milima ya moto ya Virunga walisema kwamba Lyangombe na wafuasi wake wema wana makao yao juu ya mlima usio na moto, na waovu wanatupwa ndani ya Nyiragongo. Leo mtu huweza kucheka. Lakini mlima walioutaja kuwa mbaya ndio huo huo uliomwaga moto tarehe 10 Januari 1977, ukamwaga tena tarehe 17 Januari 2002 hata ukakata mji wa Goma vipande viwili, tena tarehe 22 Mei 2021. Hawakukosea mlima! Vilevile watu wa huko walikuwa na neno «mazuku», maana yake upepo mbaya ukaao mabondeni, uuao mbuzi na watoto alfajiri bila kuonekana wala kunuka. Wenye elimu walipokuja kupima walikuta ni hewa ya kaboni itokayo ardhini, nzito kuliko hewa tunayovuta, nayo hukaa mabondeni kama maji. Hawakuona sababu ya kutafuta neno jingine. Hata vitabu vya Ulaya vyaandika «mazuku».

Hivyo tusiseme kwamba mababu hawakujua kitu. Walijua mahali. Sababu ndiyo iliyowapita, na sababu yenyewe ni kubwa kuliko macho ya mtu mmoja.

Nchi yetu iko juu ya Bonde la Ufa. Bara la Afrika hapa linapasuka, upande mmoja kwenda magharibi na upande mmoja mashariki, milimita chache kwa mwaka. Ni mwendo mdogo kuliko ule wa ukucha. Lakini mwamba hausogei taratibu kama ukucha: hushikana, hukaza, huvumilia miaka na miaka, kisha huachia mara moja. Kuachia huko ndiko tetemeko. Na pale ulipopasuka sana, moto wa chini hupata njia ya kupanda.

Ziwa lenyewe ni mtoto wa mambo hayo. Zamani za kale sana maji ya nchi hii yalikwenda kaskazini, kwenye ziwa Edward, na kutoka huko kwenye mto Nile. Kisha milima ya Virunga ikapanda na kuziba njia kama boma. Maji yakajaa nyuma ya boma, bonde likawa ziwa, ziwa likapanda hata likamwagika upande wa kusini. Hapo ndipo ulipozaliwa mto Ruzizi uonekanao leo kwenye mpaka, ukiteremka kwa haraka hata ziwa Tanganyika. Jambo hili lilitukia zaidi ya miaka 10,000 iliyopita. Tone la mvua lianguka­lo Nyawera leo huenda Tanganyika, kisha Lukuga, kisha mto Kongo, na mwisho bahari ya Atlantiki. Lingalianguka nyakati zile za kale, lingalikwenda Misri.

Habari za matetemeko yetu zilianza kuandikwa kwa vyombo huko Lwiro, katika Kabare, barabara ya kwenda Katana. Mwaka 1947 Wabelgiji walianzisha chuo cha utafiti kilichoitwa IRSAC, na katika miaka ya 1950 wakaweka hapo mashine ya kuandika mitikisiko ya ardhi, sindano juu ya karatasi, mchana na usiku. Baada ya uhuru chuo kilibadilishwa jina, vita vikapita, mishahara ikapotea, na bado wapo watu waliobaki na kazi ile. Twaona vibaya kwamba watoto wetu wengi wanalijua jina la Lwiro kwa ajili ya sokwe tu.

Miezi mitatu tu baada ya uhuru, Septemba 1960, ardhi ilitikisika kwa nguvu upande wa Uvira. Tarehe 24 Oktoba 2002, mwaka ule ule wa moto wa Goma, tetemeko la 6.2 lilitokea upande wa Kalehe. Tarehe 5 Desemba 2005 likaja lile kubwa la ziwa Tanganyika, la 6.8, lililoangusha nyumba Kalemie. Kisha lile letu la 2008, na jingine usiku wa kuamkia tarehe 7 Agosti 2015. Ukiyapanga hivyo waona kwamba hayaji kwa zamu, wala hayahesabiki kama sikukuu. Hakuna mtu duniani awezaye kutaja siku ya tetemeko lijalo. Akija mtu kwako na simu yake akikuambia kwamba limetangazwa la kesho saa nane, mwache aende na simu yake.

Waona pia kwamba lile la 2002 lilikuwa na nguvu kuliko la 2008, wala halikuua watu wengi kama hilo la pili. Sasa turudi kwenye swali letu.

Nyumba ya zamani ya Mushi ilikuwa ya mviringo: miti iliyopindwa, mianzi na matete yaliyofungwa kwa kamba, majani juu yake mpaka chini. Nyumba ya namna hiyo ikitikiswa hucheza kama kikapu. Ikianguka, huangukia mtu kama kikapu kilivyo chepesi. Moto uliiteketeza kwa urahisi na panya waliipenda, hatusemi turudi huko. Lakini baadaye tulijifunza kujenga kwa matofali, kwanza ya udongo mbichi, kisha ya kuchoma. Ukuta wa matofali ni mzito, na tofali hushikwa na jirani yake kwa udongo tu au kwa saruji kidogo. Ukuta huo unaweza kubeba paa miaka hamsini, maana paa hukandamiza kutoka juu. Tetemeko halikandamizi, lasukuma kutoka ubavuni. Kwa kusukumwa hivyo, kuta nne zisizofungana huachana pembeni kama masanduku mabaya, kila moja huanguka upande wake, na paa hushuka katikati.

Dawa yake si siri ya wahandisi. Ni mkanda wa zege, «beto» kama tusemavyo Bukavu, wenye vyuma ndani, uzungukao kuta zote juu ya milango na madirisha, uzifunge kama kamba ifungavyo mzigo wa kuni. Pembe nazo ziwe na nguzo za namna hiyo hiyo. Kila fundi wa mji anaijua kazi hii. Muulize tu! Atakuambia pia kwamba mwenye nyumba akiona pesa zimepungua, mkanda ndio wa kwanza kuondolewa, kwa sababu hauonekani baada ya kupakwa lipu, na jirani hatausifu. Rangi ya ukuta husifiwa.

Kanisa, shule na soko la paa ni mahali pa hatari kubwa kuliko nyumba ya mtu, si kwa sababu zimejengwa vibaya kuliko nyumba, ila kwa sababu watu mia tano wako chini ya paa moja, kuta zake ni ndefu na ndani hamna kuta za kugawa. Mlango ukifunguka kwa ndani, watu wakijaa nyuma yake haufunguki tena. Mambo kama haya yalifanya tofauti kati ya ukingo huu wa ziwa na ukingo ule: ni nani alikuwa chini ya ukuta gani saa ile. Kama tetemeko lingalitokea saa tatu ya Jumanne, shule zikiwa zimejaa pande zote mbili, pengine hesabu ingaligeuka, na sisi ndio tungalilia zaidi.

Lakini Bukavu ina adui mwingine, naye hatikisi. Huyu huteleza.

Mji wetu ulianzishwa na Wabelgiji mwaka 1901 kama kambi ya askari na serikali. Tangu 1927 uliitwa Costermansville, mpaka 1954 uliporudishiwa jina lake Bukavu. Tazama umbo lake: rasi tano zaingia ziwani kama vidole vya mkono. Wazungu walijenga juu ya vidole na kwenye kiganja, huko Ibanda, Nyawera na Nguba. Wafanyakazi weusi walipewa mteremko wa Kadutu. Baadaye, katika miaka ya 1950, nyumba za matofali zikapangwa Bagira. Juu ya ramani ilikuwa kazi safi. Shida ni kwamba vilima hivi vyote ni mawe ya moto ya kale yaliyooza kwa joto na mvua hata yakawa udongo mwekundu wa mfinyanzi, mwingi sana kwenda chini. Udongo huo ukikauka ni mgumu kama tofali. Ukinywa maji ni sabuni.

Huko Kadutu, mahali paitwapo Funu, kilima kizima kinatembea. Hatusemi kwa mfano. Ni kipande cha ardhi cha yapata kilomita moja na nusu ya mraba, na watu wapatao 80,000 wanaishi juu yake. Mwaka 2022 wataalamu walitoa habari ya utafiti waliolinganisha picha za ndege na za setilaiti za miaka sabini. Walikuta kwamba kilima kilikuwa kikitembea tangu zamani, hata nyumba zilipokuwa chache, lakini kadiri mji ulivyojaa juu yake, sehemu zake zilizidi kwenda mbio. Sababu ni maji. Zamani mvua ilipigwa na majani, ikatawanyika. Sasa huangukia mabati na njia, hukusanyika, hutafuta ufa na kuingia. Mabomba yaliyovunjika nayo hunywesha kilima usiku na mchana, hata wakati wa kiangazi. Mwenyeji wa Funu anajua: mlango uliofungika vizuri mwaka jana haufungiki mwaka huu, ukuta una ufa upitao mkono, na mpaka wa kiwanja haupo tena pale ulipoandikwa katika karatasi. Kesi za mipaka huko zingemchosha hata Mfalme Sulemani, maana mashahidi wote husema kweli na bado jiwe limehama.

Kuna wasemao, «Kwa nini wanajenga huko? Hawana akili?» Tumesikia maneno haya kwa watu wenye nyumba imara. Tunawajibu hivi. Mwaka 1994 wakimbizi kwa maelfu na maelfu walivuka Ruzizi. Mwaka 1996 vita vikafika mjini. Ni hapa hapa njiapanda ya Nyawera ambapo Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa, tarehe 29 Oktoba mwaka ule. Tangu hapo, mwaka baada ya mwaka, watu wa vijijini wameacha mashamba yao kwa kukimbia bunduki, wakaja Bukavu na godoro moja na watoto. Mahali penye mawe mazuri pana wenyewe. Palipobaki ni makorongo, kingo za mto Kawa na Kahuwa, na miteremko ambayo mbuzi wenyewe huipanda kwa kufikiri. Waliouza viwanja hivyo walijua wanachouza, na wengine walikuwa na muhuri. Aliyenunua alikuwa akihesabu hatari mbili, akachagua ile iliyo mbali zaidi. Ile ya mvua ilimfikia baadaye. Katika Noeli ya 2023 mvua kubwa ilishusha udongo juu ya nyumba za Bukavu, na zaidi ya watu kumi walikufa katika komini ya Ibanda, ambayo wengi huiita upande mzuri wa mji.

Yafaa tuseme neno juu ya mitaro. Wazee wa Kabare na Walungu wanakumbuka habari walizosimuliwa na baba zao, kwamba siku za Wabelgiji watu walilazimishwa kuchimba mitaro kwa kufuata ubavu wa mlima, na kupanda majani kwenye kingo zake, ili maji yasishuke na udongo. Kazi ilikuwa njema. Namna yake ilikuwa mbaya: faini, kifungo, kufokewa. Uhuru ulipokuja 1960 watu wengi waliiacha mitaro ile, na wengine waliifukia kwa furaha, kama mtu avuaye nguo ya gereza. Nani atawalaumu? Lakini mlima hauulizi mtaro ulichimbwa kwa hiari au kwa shuruti. Udongo ulianza kushuka tena, na mawimbi ya mito yakawa mekundu. Tumeona siku hizi vijana wa kilimo wakifundisha mitaro ile ile, kwa jina jipya na kwa adabu.

Sasa tuje Kalehe, ingawa kalamu inakuwa nzito.

Tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa Alhamisi, siku ya soko katika Nyamukubi. Wilaya ya Kalehe imelala kati ya ziwa na milima mirefu, na vijiji vya Nyamukubi na Bushushu viko chini, pale mito midogo itokapo mlimani na kuingia ziwani. Mvua ilinyesha kwa nguvu juu milimani. Mito ile, ambayo siku nyingine mtoto huivuka kwa kuruka, ilishuka na matope, miti na mawe makubwa kama nyumba. Soko lilikuwa na watu kutoka kila kilima, na wengine kutoka visiwani na ng'ambo. Katika siku chache maiti zaidi ya 400 zilipatikana, na waliopotea walihesabiwa kwa maelfu. Wengi walichukuliwa hata ziwani. Walizikwa katika makaburi ya pamoja, na serikali ikatangaza siku ya maombolezo, tarehe 8 Mei. Usiku mmoja au miwili kabla ya hapo, mvua za majuma yale yale zilikuwa zimeua watu wapatao 130 upande wa Rwanda. Habari hiyo ilisikika redioni. Ilikuwa habari ya ng'ambo.

Jambo lituumizalo ni hili. Mwezi wa Oktoba 2014 mafuriko yalipiga sehemu hizo hizo za Kalehe. Nyumba zaidi ya 700 zilibomoka na watu zaidi ya 130 walisemekana kupotea. Hiyo ilikuwa miaka tisa tu kabla, si ya mababu. Mama aliyekuwa na mtoto mgongoni mwaka 2014 alikuwa na mvulana wa darasa la nne mwaka 2023. Baada ya yale ya kwanza watu walizika, wakalia, wakapokea maturubai na unga, kisha wakajenga tena pale pale, kwa kuwa barabara iko pale, soko liko pale, ziwa la samaki liko pale. Uwanda wenyewe ni wa rutuba na tambarare katika nchi isiyo na tambarare. Na kwa nini ni tambarare? Kwa sababu umefanyizwa na mito ile ile. Kila mkono wa udongo pale uliletwa na gharika fulani ya zamani. Mwenye kuchimba msingi hukutana na mawe ya mviringo, yaliyosuguliwa na maji, mbali na mto. Anashukuru kupata mawe ya msingi bila kulipa gari.

Hatukuyaona mambo haya kabla ya wengine. Sisi wenyewe tumepita barabara ya Kalehe mara nyingi, tukanunua ndizi Bushushu, tukasifu uzuri wa milima.

Juu ya ziwa tutasema kwa kifupi, maana wengi hutuuliza. Ni kweli kwamba chini kabisa ya Kivu, penye kina cha karibu mita 485, kuna hewa nyingi sana iliyoyeyuka majini: kilomita 300 za ujazo za kaboni na yapata 60 za methani. Ni kweli pia kwamba ziwa Nyos la Kameruni, dogo mno kando ya letu, lilitoa hewa ya namna hiyo usiku wa tarehe 21 Agosti 1986 likaua watu zaidi ya 1,700. Lakini hewa ya Kivu imefungwa chini na uzito wa maji, na moto wa Nyiragongo ulioingia ziwani mwaka 2002 haukuifungua. Rwanda imekwisha kuanza kuvuta methani hiyo na kufanya umeme. Hatari ipo, wataalamu wanaipima, na mtu wa Nyawera ana sababu kubwa zaidi ya kuogopa ukuta wa jirani yake.

Tulipokuwa tukisoma juu ya mambo haya tulikutana na habari moja ya Ureno iliyotushangaza. Tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, kabla kidogo ya saa nne asubuhi, mji wa Lisbon ulitikisika. Ilikuwa saa ya misa, karibu saa ile ile ya kwetu, na makanisa yalikuwa yamejaa. Makanisa yalianguka, bahari ikapanda, mishumaa ya altare ikawasha moto uliounguza mji siku nyingi. Kwetu mishumaa si mingi, lakini babula la makala liko katika kila nyumba, na likipinduka hufanya kazi ile ile. Huko Ulaya watu walibishana miaka mingi, kwa vitabu na mahubiri, kama ni adhabu au si adhabu. Waziri mkuu wa mfalme, ambaye baadaye aliitwa Markizi wa Pombal, alifanya jambo jingine. Alipeleka karatasi ya maswali katika kila parokia ya nchi. Tetemeko lilidumu muda gani? Lilirudi mara ngapi? Nyumba zipi zilianguka, na watu wangapi walikufa? Bahari ilipanda kwanza au ilishuka kwanza? Ardhi ilipasuka wapi? Maparoko wakaandika majibu, na majibu hayo yamewekwa hata leo. Wengi husema kwamba elimu ya matetemeko ya siku hizi ina mzizi wake katika karatasi zile za maparoko.

Hapa kwetu mwanzo wa kazi kama hiyo upo. Kardinali Lavigerie aliwaagiza Mapadre Weupe kwamba kila misioni iandike diario, siku kwa siku. Mvua, njaa, nzige, vita, nyumba iliyoanguka: yote huingia humo kati ya hesabu ya wabatizwa na homa ya bruda fulani. Lakini kumbukumbu iliyo kubwa zaidi haiko katika diario. Iko kwa wazee wanaojua mto ulipita wapi kabla ya kuhama, kilima kipi kilianguka wakati wa chifu gani, na kwa nini bonde fulani halikujengwa kamwe. Wazee hao wanakufa, na viwanja vinauzwa na vijana.

Kwa hiyo mwaka jana, baada ya mvua, tulijaribu jambo dogo katika mtaa wetu. Tuliandika maswali saba juu ya karatasi, kwa Kiswahili cha kawaida: juu ya siku ile ya 2008, juu ya mvua kubwa, juu ya nyufa za nyumba, juu ya mahali mfereji unapoziba, juu ya nani katika nyumba hii hawezi kukimbia peke yake. Swali hili la mwisho lilileta majibu ambayo hatukuyategemea. Tulikuta vipofu wawili, bibi mmoja asiyetoka kitandani na mtoto mwenye kifafa katika nyumba tulizozipita kila siku bila kujua. Majina yao sasa yanajulikana kwa majirani watatu kila mmoja. Mfereji mmoja ulizibuliwa. Fundi mmoja alikubali kuwaonyesha vijana jinsi ya kufunga vyuma vya mkanda, siku ya Jumamosi, bila malipo, naye akaja kweli, jambo ambalo kwa fundi si dogo.

Karatasi ya mwisho tuliipokea kwa mama mmoja auzaye sambaza hapa Nyawera, naye alikuwa mahali pake siku ile ya Februari. Alitueleza kwamba sauti ilitoka upande wa ziwa, na kwamba vibakuli vyake vilicheza kabla yeye mwenyewe hajasikia kitu miguuni. Jambo hilo tuliliandika kama alivyolisema. Kisha akauliza karatasi hizi zitawekwa wapi. Tukampeleka kumwonyesha kabati, refu, la mbao nzuri, lililojaa vitabu vya ubatizo. Alilitazama toka juu hata chini, akaweka kiganja chake ubavuni mwake, akalisukuma kidogo. Likacheza.

«Hili, Mwalimu,» akasema, «mmelifunga ukutani?»

Hatukuwa tumelifunga.